Maji Yaliyochacha

Oktavia hakubisha hodi. Aliingia uani akiwa amekumbatia kitu kifuani, akakitandaza juu ya majani mbele ya Tabea, kisha akasimama na mikono kiunoni. Lilikuwa gauni jeupe la msichana, lenye lesi shingoni. Kuanzia kiunoni hadi chini lilikuwa na mabaka meusi, kana kwamba mtu alilifutia sufuria.

"Mama Mika," alisema, "nimelifua kijitoni. Usiniambie habari ya karai langu. Najua lina kutu. Lina kutu tangu mwaka juzi na halijawahi kunifanyia hivi. Kilichobadilika ni maji."

Tabea alipiga magoti akaligusa gauni. Hapakuwa na mwanamke Kitandililo asiyelijua. Margareth, binti wa Oktavia, alikuwa alivae siku ya Komunyo yake ya kwanza misheni, na mama yake alikuwa amelionyesha nyumba kwa nyumba, hata kwa Walutheri, ambao walilisifu kwa moyo mmoja.

"Nitalifua tena kwa ndimu na chumvi, Mama Margareth."

"Kwa maji gani?"

Nyuma ya nyumba kilikuwa kikisikika kisu cha Methusela, mume wa Tabea na fundi wa ngozi, kikikwangua manyoya kwenye ngozi, kru, kru, kru. Sauti hiyo sasa ilinyamaza. Methusela alikuwa anasikia, lakini hakujitokeza.

"Ng'ombe wa Mzee Kefa wanafika kijitoni, wananusa, wanageuka," Oktavia aliendelea. "Ng'ombe, Mama Mika! Nasi tunakunywa. Tumekwisha kwenda kwa Jumbe. Nimekuja kukuambia kwa kinywa changu, usije ukasikia njiani."

"Umefanya vyema kuja."

"Sikupenda kuja," Oktavia alisema, na sauti yake, iliyokuwa na nguvu tangu alipoingia, ikakatika. Akatoka, akaliacha gauni pale pale kwenye majani.

Jumbe Efraimu alifika kesho yake pamoja na Mzee Kefa, mzee wa kanisa.

"Kamwene, Methusela."

"Kamwene, Jumbe. Karibuni. Tatizo kiti ni kimoja."

"Hatukuja kukaa," alisema Jumbe. Mzee Kefa akakaa.

Mashimo yalikuwa mteremkoni, nyuma tu ya nyumba, hatua chache kutoka kijitoni. La kwanza lilikuwa la chokaa, la kulegeza manyoya. Mengine manne yalijaa maji ya magome ya miti ya miwati, yale yanayogeuza ngozi ya mnyama kuwa ngozi ya viatu, na yakikutana na kutu hugeuka meusi. Kati ya chokaa na magome lilisimama pipa la maji yenye tindikali, kwa sababu chokaa ikibaki ndani, ngozi hukakamaa na kupasuka kama gome kavu. Tindikali ilitoka Njombe, dukani. Methusela aliipakata kwenye lori, chupa imesokotewa nyasi, naye akiiangalia njia nzima kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Mashimoni zililala ngozi za nusu ya kijiji. Watu walimletea wakiwa wamezikata alama ukingoni, kila nyumba alama yake, naye angewarudishia soli na mikanda, na sehemu yake akauze. Humo ilikuwamo ngozi ya maksai wa Jumbe, na ya ndama wa Mzee Kefa. Ngozi ikitolewa kabla magome hayajafika kati, inaoza. Hivyo mashimo yakifukiwa leo, Methusela hangepoteza kazi tu. Angepita kijiji kizima akiwatazama watu aliowaozeshea mali.

"Wanawake walikuja kwangu," Jumbe alisema. "Wangekuja na maneno ningewajibu. Walikuja na nyimbo. Mtu aliyeimbiwa anajibu nini? Kwa hiyo sikiliza. Siku ya baraza la mwezi ujao, ama maji yako yawe hayafiki kijitoni hata tone, ama tufukie mashimo."

"Niyapeleke wapi, Jumbe?"

"Fundi ni wewe."

"Nikiyaacha shimoni, yanachacha." Methusela alimtazama Mzee Kefa, kisha akatazama chini. "Na yakichacha, mzee wa kanisa anajua yanavyonuka."

Mzee Kefa alikohoa. Mwaka uliopita, akipita kwenda ibadani, alinusa harufu kali ikitoka kwenye ua huu, harufu ya ulanzi uliolala, ile pombe ya mianzi. Kanisani hakumtaja mtu. Alisema tu kwamba uko ua wa Mkristo unaonuka kilabu. Lakini kila shingo ilimgeukia Tabea, maana mama yake, Bibi Yunisi, alikuwa mgema wa ulanzi, na kwa sababu hiyo alikuwa ametengwa na Meza ya Bwana. Tangu siku ile, kila Jumamosi, Methusela aliyafungulia maji ya mashimo yaende kijitoni, akatia mapya, ili Jumapili ua wake uwe safi kama wa wengine.

"Kumbe ni mimi niliyekufundisha kuchafua maji?" aliuliza Mzee Kefa.

"Sikusema hivyo, mzee."

"Umesema. Umesema kwa adabu, lakini umesema."

Jumbe alitazama mawingu. "Mwezi ujao," alisema, nao wakaondoka.

Methusela alichukua ngozi zilizokuwa tayari akaenda nazo Makambako. Alitumaini akiuza vizuri atanunua mapipa, amwagie maji yake humo, ingawa hakujua mapipa yakijaa ingekuwaje.

Kornelio, fundi viatu, alikuwa na kibanda kando ya barabara kuu, mahali malori yanaposimama kupoza injini. Aliipokea ngozi moja, akainusa, akaikunja polepole karibu na sikio lake. Ngozi ikalia: kwa!

"Fundi," alisema, "hii ni soli, au ni chapati ya juzi?"

Matingo waliokuwa wakisubiri viatu vyao walicheka. Mmoja akaomba apewe na chai.

"Ni chokaa," Methusela alisema kwa sauti ya chini. "Haikutoka yote. Tindikali imepanda bei, naitia kidogo kidogo."

"Basi itie ya kutosha au iache kabisa. Mtu akiivaa hii kutoka hapa, atafika Mdandu peku, na laana zote zitanirudia mimi." Kornelio aliikunjua ngozi, akaipangusa, akamrudishia kwa mikono miwili. Kilichomuumiza Methusela hasa ni ile mikono miwili. Kicheko angekistahimili, lakini Kornelio alikuwa anamwonea huruma.

Alirudi kwa miguu na mzigo wake kichwani, mvua ikimnyeshea. Alipofika nyumbani aliutua chini ya upenu, akamwambia Tabea kabla hata ya kuketi, "Nitayafukia mwenyewe kabla ya baraza. Afadhali uwe mkono wangu."

Tabea alimletea maji ya kunawa, akampa na kitambaa. Kisha akasema, "Mama yuko nje. Amekuja tangu mchana."

Bibi Yunisi alikuwa ameketi upande wa pili wa ua wa mianzi, mahali alipoketi siku zote alipokuja. Kwa mila yao, mkwe na mkwe hawakutazamana usoni, wala hawakuitana. Yeye alisema na bintiye, Methusela akasema na mkewe, na ua ukasikia yote.

"Mwanangu," ilisema sauti ya nyuma ya mianzi, "huyo aliyerudi, amerudi na mzigo aliokwenda nao?"

"Amerudi nao, mama."

"Pole yake. Na hiki kinachonuka ni nini?"

"Ni maji ya magome ya wiki hii. Yamechacha. Angeyamwaga Jumamosi."

"Na ile chupa inayotoka Njombe, kazi yake nini?"

"Ya kutoa chokaa kwenye ngozi. Ni kitu kikali."

"Kikali kama pilipili?"

Tabea alimtazama mumewe. Methusela alijifuta uso, akasema akiuelekea mlango, "Mwambie mama, ni ukali wa ndimu. Ila mara nyingi zaidi."

Nyuma ya ua Bibi Yunisi alianza kucheka. Alicheka polepole, kisha akakohoa, kisha akacheka tena hadi Tabea akaona haya.

"Mama, watu wana msiba hapa."

"Nisamehe. Lakini mwanangu, mume wako anapanda lori mpaka Njombe kununua ukali, na Jumamosi anamwaga ukali kijitoni!"

Aliendelea, sasa bila kicheko, kwa sauti ya mtu anayeeleza kazi yake. Ulanzi mpya, alisema, ni mtamu tu. Kinachouchachusha ni masalia ya jana ndani ya mbeta, kile kikombe cha mwanzi anachokingia. Ukiosha mbeta sana, ulanzi unabaki maji ya mtoto. Basi mgema haoshi, wala hamwagi. Na ule uliopita siku zake, hata mlevi akaukataa?

"Huo nasugulia chungu cha maji moto," alisema. "Chungu kikishika ule ukoko mweupe chini, namimina, unatoa povu, ukoko unaachia. Weupe wote unatoka. Mimi si fundi wa ngozi. Nauliza tu. Chokaa nayo si nyeupe?"

Methusela alisimama. Alikwenda mashimoni akabandua kipande cha chokaa kuukuu kilichoganda ukingoni mwa shimo, akakiweka kwenye kigae, akachota maji meusi ya shimo la mwisho, yaliyochacha kuliko yote, akamimina. Akainama mpaka uso wake ukakaribia kigae.

Povu lilikuwa dogo, lakini lilikuwepo. Lilinong'ona kama mafuta yanayoanza kupata moto.

"Tabea," alisema, "njoo usikie."

Tangu siku ile hawakumwaga maji. Maji ya magome mapya yalikaa shimo la juu. Yalipochoka yalishushwa la pili, kisha la tatu, kisha la nne, na huko chini yalilala, yakachacha, yakawa makali. Hayo ndiyo waliyoyatia kwenye pipa badala ya tindikali. Yakimaliza kazi yake ya kula chokaa, waliyaacha yatulie. Maji ya juu yalirudishwa kwenye shimo la magome mapya kuanza safari upya, pamoja na masalia kidogo ya ule ukali, kama mbeta isiyooshwa. Tope lililobaki chini walilichota kwa koleo, wakalizika juu kabisa mwa shamba, mbali na kijito.

Ni rahisi kuyaandika haya, lakini kuyatenda kulikuwa kazi nyingine. Maji hayapandi mlima yenyewe. Tabea aliyapandisha kwa ndoo, kamba ikamla viganja hadi akashindwa kukamua nguo. Kipande cha kwanza cha ngozi walikiacha kwenye ukali mno, kikalainika kama ugali ulioloa, kikatupwa. Cha pili walikitoa mapema, kikalia kwa! kama kile cha Makambako. Methusela alikaa chini akashika kichwa.

"Mama naye siku ya kwanza alimwaga mbeta ngapi?" Tabea alimwambia. "Inuka. Ngozi haijifunzi kwa kutazamwa."

Wakajifunza kukibonyeza kipande kwa kidole gumba. Kama kingali na chokaa, kinarudi juu kama mpira. Kikiwa tayari, alama ya kidole inabaki. Walibonyeza asubuhi, walibonyeza jioni, na siku moja Tabea alibonyeza, akatoa kidole, akaona alama imekaa. Hakupiga vigelegele. Alimwita mumewe, akamwonyesha, nao wakaitazama alama ile kwa muda mrefu, kama watu wanaotazama mtoto aliyelala.

Lakini harufu ilikuwa imerudi. Jumapili, watu wakitoka ibadani, Mzee Kefa alikunja kona akaingia uani na kitabu cha nyimbo kwapani.

"Methusela! Siku ya Bwana!"

"Karibu, mzee. Ni kweli yananuka." Methusela alichota maji ya pipa kwa kata, akamnyooshea. "Lakini nakuomba uonje. Kama ni pombe, mimi mwenyewe nitakupa jembe uyafukie leo."

Mzee Kefa alitazama nyuma yake, akaona watu watatu wamesimama njiani. Hangeweza kurudi. Alichovya ncha ya kidole, akalamba. Kwanza hakuna kilichotokea. Kisha mashavu yake yaliingia ndani, macho yakafumba, ulimi ukatoka wenyewe. Uchungu wa magome na ukali wa maji vilikuwa vimekutana kinywani mwake.

"Ee Bwana," alisema alipoweza kutema. "Atakayelewa kwa hii si mlevi. Ni mgonjwa." Watu wa njiani walicheka, naye akaacha wacheke. Alipopata mate tena, aliuliza kwa sauti tofauti, "Nani amekufundisha?"

Methusela angeweza kusema ni karakana ya misheni, alikojifunzia kazi. Kila mtu angeamini, na jambo lingekwisha. Tabea alisimama na ndoo mkononi, hakumtazama.

"Mama mkwe," Methusela alisema. "Kwa mbeta zake."

Mzee Kefa aliipangusa midomo kwa leso. "Unajua amekatazwa Meza ya Bwana. Utayasema hayo barazani, mbele ya watu? Wapo watakaosema mmeshirikiana."

"Nikiulizwa, nitasema."

Siku ya baraza watu walikuja wengi, baadhi yao na majembe. Jumbe alianza kwa kuuliza kama maji bado yanafika kijitoni. Methusela alikuwa anafungua kinywa, Oktavia akasimama bila kuitwa.

Mkononi alikuwa na kitambaa cheupe. Alisema kwamba tangu alipolipeleka gauni kwa Mama Mika hakumwamini mtu, hata Mama Mika mwenyewe. Kwa hiyo kila alipokwenda kijitoni alichota maji, akalaza kitambaa cheupe ndani yake kwenye lile karai lake la kutu mpaka asubuhi. Mwanzoni kilitoka cheusi, akakichana, akachukua kingine. Kisha kikatoka kijivu. Alikiinua hiki cha mwisho juu kwa mikono yote miwili, akageuka nacho ili waliokaa nyuma waone. Kilikuwa na manjano kidogo ya kutu. Weusi haukuwamo.

"Huyu fundi ameniudhi," alisema, "lakini kitambaa hakijui kuudhika." Akaketi.

"Sasa maji yanakwenda wapi?" aliuliza Jumbe.

"Hayaendi popote, Jumbe. Yanazunguka. Ule ukali niliokuwa nikiumwaga ndio ninaofanyia kazi. Njombe sinunui tena." Methusela aliwageukia watu. "Nimefundishwa na mama mkwe, Bibi Yunisi. Ni elimu ya ulanzi."

Minong'ono ilipita kama upepo kwenye mahindi. "Basi tutavaa viatu vilevi!" alipaza mtu wa nyuma. "Vitatupeleka kilabu vyenyewe!" Kicheko kilipanda. Tabea alikaza kanga mabegani, akatazama mbele, shingo yake imenyooka. Mwaka uliopita aliinamisha kichwa. Safari hii hakuinamisha.

Mzee Kefa aliinuka, na kicheko kikapungua, maana watu walidhani atakemea.

"Mimi nimeyaonja," alisema. "Hayanyweki. Na ng'ombe wangu wamerudi kunywa kijitoni." Alimtazama Tabea, kisha akatazama chini. "Ninayo hayo tu," akamaliza, akaketi. Baada ya hapo hakuna aliyecheka tena.

Jumbe aliamua mashimo yabaki, na Oktavia aendelee na kitambaa chake. Siku kikitoka cheusi, majembe yarudi. Oktavia alikikunja kitambaa kwa makini, akakitia kifuani kama mtu aliyekabidhiwa muhuri.

Gauni la Margareth halikurudi kuwa jipya. Tabea alilifua kwa ndimu, chumvi na maji ya mvua. Mabaka ya juu yalififia, na ya chini yakakatwa, lesi ikashonwa pale. Margareth alikwenda misheni na gauni fupi kidogo kuliko la wenzake, na Oktavia alisema kwa sauti, kabla hajaulizwa, kwamba mtoto amerefuka.

Magome yana taratibu zake. Mvua zilikwisha, baridi ya Juni ikaingia, umande ukageuka barafu nyembamba juu ya nyasi, ndipo ngozi ya kwanza ya maji yaliyochacha ilipotoka, ikapakwa mafuta na kukaushwa kivulini. Methusela alikata kipande kizuri kutoka mgongoni, akakiangika juu ya ua wa mianzi. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akasimama mahali asipoweza kuonekana lakini anapoweza kusikia.

Bibi Yunisi alikuja mchana. Mkono wake uliinuka juu ya ua, ukakishika kipande, ukashuka nacho. Tabea, aliyekuwa akichambua maharage upande huu, aliacha kuchambua. Kupitia nafasi za mianzi alimwona mama yake akikileta karibu na sikio, akikikunja, polepole, mpaka ncha zikakutana.

Hakikulia.

Akakikunja upande wa pili. Kimya. Kuku walikuwa wakiparua, na kijito kikisikika huko chini.

"Mwanangu," Bibi Yunisi alisema, kwa sauti ya kutosha kufika hadi nyuma ya nyumba, "mwambie mume wako, sasa Njombe aende kutembea tu."